Rangi Ulizonisomea

Mkoani, Pemba
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwako Fausta Agustino,

Salamu nyingi zikufikie hapo Songea, wewe na shemeji na wale watoto wawili ambao mdogo wako Anjela amenionyesha picha zao. Natumai nyote mu wazima na kazi inakwenda. Mzee Agustino, baba yako, anaendeleaje na mguu? Nimesikia kwamba tangu alipostaafu anaishi kwako, na kwamba bado anafungua kila redio mbovu ya mtaa mzima bila hata kuombwa. Nimefurahi kulisikia hilo kuliko unavyodhani.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yangu, Bi Siti, magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini sauti yake bado inafika nyumba ya tatu. Mimi nimeoa. Mke wangu anaitwa Rahma, mtu wa Wambaa, na tuna binti wa miaka minne anayeuliza maswali kuliko wanafunzi wangu wote wa kidato cha pili.

Huenda unajiuliza kwa nini nimekaa kuandika kwa mkono ilhali Anjela amenipa namba yako. Nimeipiga mara mbili, na mara zote mbili nimekata kabla haijaita. Yapo maneno ambayo nikiyasema kwa simu nitayafupisha, nami sitaki kuyafupisha. Mdogo wako anakuja huko Jumatano kwa likizo, basi atakubebea bahasha hii.

Alivyonipata ni hivi. Alipohamishiwa kikazi hapa bandarini, mwezi wa Disemba, alikuja skuli kwetu akauliza kama yupo mwalimu anayeitwa Ridha Jecha. Nikatoka nje nikaona uso wako, mdogo kidogo. Baada ya kusalimiana akaniambia, “Dada Fausta kaniagiza nikuulize, zile rangi umeshazijua?” Akacheka. Nami nikacheka, lakini cheko langu lilikatika njiani, na nadhani aliliona hilo, kwa kuwa ni mstaarabu akaanza kuzungumzia bei ya samaki.

Acha nianze na habari njema. Nafundisha fizikia na hisabati, mwaka wa tisa sasa. Miaka miwili iliyopita nilijiandikisha shahada ya pili katika chuo kimoja cha bara, nikisoma nikiwa hapa hapa. Msimamizi wangu ni Dk. Nyange, mtu wa Unguja kwa asili, mwenye subira na mwenye masihara machache. Yeye anachunguza vitu vinavyoitwa kwasari. Wewe ni mwalimu wa kemia, hutachoka nikikueleza.

Katikati ya galaksi fulani za mbali mno mna shimo jeusi kubwa linalovuta gesi. Gesi hiyo, kabla haijatumbukia, inazunguka na kupata moto hata ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Hiyo ndiyo kwasari. Ila si gesi yote inayotumbukia. Nyingine inasukumwa nje kwa kasi ya ajabu, na ile inayokuja upande wetu inasimama kati yetu na mwanga. Hapo kila elementi inafyonza sehemu yake, kaboni ya kwake na naitrojeni ya kwake. Ukiuchambua mwanga ule ukauchora kwenye grafu, unapata mstari unaopanda na kushuka, na pale gesi ilipofyonza panakuwa na bonde. Gesi ikitukimbilia kwa kasi zaidi, bonde linazidi kuhama mahali pake kuelekea upande wa bluu. Ukipima limehama kiasi gani, umeijua kasi.

Darubini sina, wala sijawahi kuigusa. Mwanga wenyewe ulikwisha kukusanywa na darubini kubwa za nje, na vipimo vyake vimewekwa wazi kwa yeyote anayetaka. Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya mkononi, mtandao wa ofisi ya walimu baada ya vipindi, na Jumamosi zangu asubuhi. Dk. Nyange alinigawia kwasari mia tatu na kumi na mbili. Kwa kila moja, programu ilikuwa imeshachora makisio, yaani mwanga ungekuwaje kama hakuna gesi iliyoufyonza, na makisio hayo yamewekwa juu ya vipimo halisi. Kazi yangu ilikuwa kupitia grafu moja moja na kuandika pale mistari miwili inapoachana.

Nilipofika kwasari ya mia moja na themanini na saba, nilikuta watu wawili walionitangulia wameshaandika kwamba haina kitu. Mistari imelaliana vizuri, walisema. Mimi niliyafuta makisio yale, nikazichukua namba zenyewe, nikachora vipimo peke yake kwa mstari mmoja mweusi. Hapo nikaliona bonde pana, la kina kidogo, mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Programu ilikuwa imeyapindisha makisio yake yakalifuata bonde lile hadi chini, ndiyo maana mistari ililaliana. Bonde lilikuwepo siku zote, limefunikwa.

Nilimwandikia Dk. Nyange. Akanijibu kwamba huenda ni silikoni, kwani mabonde ya silikoni hukaa karibu na hapo, na kama ni silikoni basi kasi yake ni ya kawaida na hakuna jipya. Akanitaka nithibitishe. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, nikiwasahihishia watoto mitihani huku akili iko kwingine, hata Rahma akaniuliza kama nimepata uhamisho nikamficha. Mwishowe nikaishika hoja nyepesi. Katika gesi ya namna hii, penye silikoni pana kaboni pia, tena kwa bonde kubwa zaidi. Nikapima mahali ambapo bonde la kaboni lingekuwa kwa kasi ile. Palikuwa tambarare kama meza. Kwa hiyo bonde langu halikuwa silikoni. Lilikuwa kaboni yenyewe, imekuja mbio kiasi cha kuvuka mahali pake na kuingia mtaa wa mwenzake. Nikapiga hesabu bonde la naitrojeni linapaswa kuwa wapi kwa kasi hiyo mpya, nikaenda kulitafuta, na lilikuwepo.

Ni asilimia kumi na nne ya kasi ya mwanga, Fausta. Karibu kilomita elfu arobaini na mbili kwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo ungeizunguka dunia yote kwa sekunde moja na ukabakiza nafasi. Gesi kama hiyo, ikiwa nyingi, inaweza kuifagia galaksi yake ikaikosesha cha kuzalia nyota. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa hii yetu, bado hatujui. Lakini siku ile nilisujudu pale pale ofisini, katikati ya viti, na Mwalimu Othman wa historia aliyekuwa akinywa chai akaniuliza nani kapona.

Basi mwezi wa Novemba nikaitwa kuelezea mbele ya kundi la Dk. Nyange. Walikuwa watu saba kwenye kioo cha kompyuta, wengine wako nchi za mbali. Nilieleza vizuri tu mpaka Dk. Nyange alipoifungua grafu ya zamani, ile iliyotoka kwenye programu, akasema, “Ridha, hebu tuonyeshe pale mstari mwekundu unapopita juu ya wa kijani. Ulishtukia nini?”

Nikakisogelea kioo kuutafuta mstari huo. Akadhani mtandao umekatika, akaniita mara mbili. Nami nilikuwa namsikia vizuri. Ulimi ulikuwa umeshaanza kutengeneza jibu la ujanja, kama ulivyozoea tangu utoto. Kisha sijui kilichonipata, nikasema, “Daktari, mimi siuoni mwekundu wala wa kijani. Kwangu mimi hiyo ni rangi moja. Niliyafuta makisio kwa sababu sikuweza kuyatenganisha na vipimo.”

Ndiyo hivyo, Fausta. Tangu kuzaliwa macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani. Embe mbivu na mbichi nazijua kwa kuzibonyeza. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na mke wangu mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Hakuna aliyecheka. Dk. Nyange akasema kwamba kuanzia siku hiyo kundi zima litachora kwa nyeusi na bluu, mstari mmoja mzima na mwingine wa nukta, na kwamba angetaka watu wote warudie grafu zao kwa namna yangu kwani huenda yapo mabonde mengine yaliyofunikwa. Halafu akaniuliza, kwa upole, kwa nini nilikaa karibu miaka miwili bila kusema. Nikamjibu kwamba niliona haya. Lakini wakati namjibu, uso uliokuwa mbele yangu haukuwa wake. Ulikuwa wa baba yako, amekaa kwenye kiti cha mama yangu.

Wewe unaikumbuka maabara yetu, ile ya dirisha moja. Tulipangwa meza moja kwa sababu majina yetu yalifuatana kwenye orodha ya mwalimu. Siku ya kwanza ya kuipima tindikali nilifungua bomba nikalisahau, nawe ukaniuliza kama nimelala. Nikakwambia unitajie dawa inapobadilika rangi. Tangu siku hiyo ukawa unainama karibu na kusema kwa sauti ya chini, “Bado… bado… sasa, funga!” Chumvi ikichomwa ulinitajia rangi ya moto wake. Makopo ya dawa ulinisomea. Ulinitania kwamba mimi ni mvivu wa kuangalia, na siku moja ulikasirika ukaniambia, “Kama macho yako huyaamini, basi hesabu matone, uandike kila tone, namba hazitakudanganya.” Ulikuwa unanikaripia, najua, lakini niliyachukua maneno yale kama dawa. Kila nilichokifanya tangu hapo nimekifanya kwa njia hiyo. Hata kwasari ile niliiona kwa kuziendea namba zenyewe. Umekuwa mwalimu wangu miaka yote hii bila kujua, na kabla sijafika ninapokwenda nataka nikushukuru kwa hilo, maana baada ya kuyasoma yanayofuata huenda usitake kuisikia shukrani yangu.

Minong'ono ya darasani unaijua. Walituona tumeinamiana wakasema wanavyosema. Maneno yakatoka maabara yakafika bandarini, yakamfika baba yako, fundi umeme wa bandari aliyeletwa kutoka bara, akiwa juu ya ngazi anafunga taa. Ulimwambia ukweli. Ulimwambia kwamba Ridha anakuuliza rangi, hakuna zaidi. Anjela amenisimulia, kwani alikuwepo ingawa alikuwa mdogo, na ameniambia pia kwamba mpaka leo hujui kwa nini baba yako hakukuamini. Alisema alikuwa amekwenda kuuliza, na hakukwambia alimuuliza nani.

Aliniuliza mimi.

Alikuja nyumbani kwetu siku ya Ijumaa, baada ya sala, amevaa shati lililopigwa pasi. Hakuja kwa ugomvi. Mama alimpa kiti chake na maji ya kunywa. Ammi Mabruki, ndugu yake marehemu baba yangu, naye alikuwepo. Alikuwa mshika usukani wa meli, na wiki ile ile alikuwa ameniletea fomu za chuo cha ubaharia. Mzee Agustino alizungumza taratibu. Akasema, “Sisi ni watu wazima, nami ni mgeni wenu, sitaki mtoto wangu awakosee wala akosewe.” Kisha akanigeukia. “Kijana, binti yangu anasema unamuuliza rangi kwa kuwa wewe huzioni sawasawa. Amehisi hivyo mwenyewe. Ni kweli?”

Kumbe ulikuwa umeshanijua, Fausta. Ulinijua na hukunitangaza kwa yeyote ila kwa baba yako, tena kwa kunitetea.

Ammi Mabruki akaniangalia. Mtu wa usukani sharti aijue taa nyekundu na taa ya kijani, na mimi sikuwa na ndoto nyingine ila meli. Nikasema, “Mimi rangi naziona.”

Baba yako akaniuliza tena, kama mtu anayeniombea nijibu vingine. “Zote?”

Nikasema zote. Akayanywa yale maji, akamshukuru mama, akaondoka. Baada ya siku tisa ulikuwa umeshavushwa kwenda kwa shangazi yako Songea, na kwa kuwa usajili wa mtihani huko ulikuwa umefungwa, ukakaa mwaka mzima ukilisubiri darasa la nyuma yako likufikie. Miezi sita baadaye nilisimama mbele ya daktari wa chuo, akanifungulia kitabu cha vidoti vya rangi, na kabla hajafunua ukurasa wa tatu alikuwa amekwisha kukifunga. Nikamwambia Ammi Mabruki kwamba nafasi zilijaa. Yaani uongo wangu haukunipatia hata kile ambacho niliuza jina lako ili nikipate.

Sina kisingizio. Nilikuwa na miaka kumi na saba, lakini hata nilipofika ishirini na saba nilikuwa na ulimi na sikuutumia.

Baada ya mkutano ule wa Novemba nilimwambia Rahma kwanza. Alisema alikuwa akijiuliza siku zote kwa nini namwachia yeye kununua nguo za mtoto. Kumwambia mama kulinichukua muda mrefu zaidi. Nilimwambia wiki iliyopita, anachagua mchele, nikamweleza yote hadi kile kiti na yale maji. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchagua mpaka ungo ukawa mweupe, kisha akasema, “Miaka kumi na tano n'nasema mwana wa watu alikuwa akikufuata wewe. N'liyasema kisimani, n'liyasema arusini. Nawe ukinisikia.” Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nikisikia. Hakuzungumza nami siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama Anjela anakwenda huko lini.

Sasa nina mambo mawili ya kukuomba. Makala yetu imekubaliwa na jarida, na mhariri amenipa hadi tarehe ishirini na tano kurekebisha makosa madogo. Mwishoni pana sehemu ya shukrani. Wenzangu wameshukuru vyuo na wafadhili. Mimi nimeandika sentensi moja, namshukuru Fausta Agustino, aliyenisomea rangi na kunifundisha kuziamini namba. Nisingeliweka jina lako popote tena bila idhini yako. Ukisema litoke, litatoka, na sitauliza sababu.

La pili ni hii karatasi nyingine iliyomo ndani ya bahasha. Ni barua kwa baba yako. Humo nimemwandikia kwamba binti yake alimwambia kweli na aliyedanganya ni mimi. Sikuifunga, ili uisome kwanza. Nilitaka nimpelekee moja kwa moja, kisha nikaona kwamba safari ile niliongea naye bila wewe kuwepo, na sitaki kurudia. Mpe, au uichome, au mwache Anjela aisome kwa sauti nyote mkiwa mmekaa. Kama atataka kunisikia kwa sauti yangu, namba yangu ipo chini, na safari hii sitakata.

Mwezi mtukufu unatukaribia, na huku watu wameanza kupita nyumba kwa nyumba kutakana radhi. Nyumba yako iko mbali, nimefika kwa njia hii. Nakutaka radhi, Fausta. Usiponipa ni haki yako. Na shukrani zangu pokea hivyo hivyo, kwani hizo hazina sharti lolote.

Nisalimie shemeji, japo hatujaonana. Nisalimie watoto, na mkubwa, anayependa sayansi kama nilivyoambiwa, mwambie yupo mwalimu Pemba atakayemtumia grafu ya kwasari, imechorwa kwa nyeusi na bluu. Rahma anakusalimu. Mwalimu Othman anakusalimu pia; anasema alikuwa madarasa mawili nyuma yetu na anakukumbuka kwa mbio za mita mia nne.

Ni mimi niliyekuwa mwenzako wa meza,
Ridha Jecha

Mama ameniomba kalamu. Yanayofuata ni mkono wake, sikumsaidia neno.

Fausta mwanangu. Mimi Siti mama yake Ridha. N'likusema vibaya kwa watu na hukuwa na kosa. Wale n'liowambia n'nawafuata mmoja mmoja, walio hai, n'nawambia n'lisema uongo. Nimeshamaliza wa mtaa huu, wamebaki wa Wambaa. Msalimie sana babaako. Mwambie kiti chake kipo.